Kutoa ni Moyo, Lakini Mfuko ni wa Nani?

Wahenga wametuachia methali isemayo: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni methali nzuri, na mimi niliifundisha darasani kwa miaka mingi. Inatuambia kwamba mtu hashindwi kutoa kwa sababu ni maskini, wala hatoi kwa sababu ni tajiri. Hutoa kwa sababu moyo wake umekubali. Lakini methali hii, kama zilivyo methali nyingi, imenyamaza juu ya jambo moja. Imeutaja moyo wa mtoaji, haikuutaja mfuko. Imechukulia kwamba moyo na mfuko ni vya mtu mmoja. Je, itakuwaje iwapo moyo ni wa mmoja na mfuko ni wa wawili?

Ndugu msomaji, usidhani kwamba ninatafuta fumbo la kuchezea wakati wa jioni. Katika nchi yetu watu wengi wanaishi kwa mifuko ya pamoja. Mume na mke wana mfuko mmoja. Ndugu waliochangia ada ya mdogo wao wana mfuko mmoja. Chama cha kuzikana kina mfuko wake, kijiji kina wake, na taifa lina wake. Kila mahali penye mfuko wa pamoja hapakosi mtu mwenye moyo mkubwa aliye karibu na mfuko huo. Basi ni vema tuulize: ukarimu wake ni wa nani?

Nitaeleza kisa kilichonipata mimi mwenyewe, maana ndicho kilichonifanya nianze kulitafakari jambo hili.

Ilikuwa Juni 1997. Mimi na rafiki yangu mmoja, fundi wa redio mjini Musoma, tulikuwa tumeahidiana kwa miaka mitatu kwamba tutakwenda kuona Bulabo. Pengine msomaji asiyetoka Kanda ya Ziwa hajui Bulabo ni nini. Ni sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ambayo hufanyika Juni pale Bujora, karibu na Kisesa, kabla ya kufika mjini Mwanza kwa mtu anayetoka Musoma. Kituo cha utamaduni cha Bujora kilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambaye alizipenda ngoma za wenyeji wakati wengi wa wenzake walikuwa wakizipiga vita. Wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walioishi karne ya 19. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mwamuzi ni umati wenyewe. Anayewavuta watu wengi zaidi upande wake ndiye mshindi. Wako wanaocheza na chatu, na wako wanaocheza na nungunungu. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kuiona mara moja alipokuwa kijana, na kila alipoisimulia alisimama kwenye kiti.

Tulichanga shilingi 20,000: mimi 12,000, yeye 8,000. Fedha hizo tuliziweka katika mfuko mmoja wa kitambaa, na mfuko akaushika yeye, kwa kuwa ndiye mzoefu wa safari. Mbali na hizo, mfukoni mwangu nilikuwa na bahasha yenye shilingi 9,000 za mke wangu. Mke wangu ni mshonaji. Cherehani yake ilikuwa imevunjika kipuri ambacho Musoma hakikupatikana, na sare za shule alizopokea oda zilikuwa zinamngoja. Nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumatatu asubuhi, kabla ya kurudi, nitakinunua Mwanza.

Tuliondoka Musoma Jumamosi alfajiri kwa pikapu. Tulipofika Makutano tairi likapasuka, na la akiba likakutwa nalo halina upepo. Rafiki yangu akasema kwamba bahati mbaya hiyo imetuletea bahati njema, maana kutoka pale Butiama si mbali, na baba yake mdogo alikuwa mgonjwa huko. Twende tumjulie hali, kisha tutokee Kyabakari na kushika gari la Bunda. Tukaenda. Mzee alikuwa amekwisha kupata nafuu kiasi cha kuamuru kuku achinjwe, na nani angethubutu kuondoka nyumbani kwa mzee wa Kizanaki huku kuku wake yuko jikoni? Saa nane mchana ndipo tulipopata baiskeli mbili za kukodi. Ya kwangu ilikatika mnyororo njiani. Viatu vya mwenzangu, alivyovinunua kwa ajili ya sikukuu, kimoja kilibanduka soli, akakifunga kwa kamba ya katani. Tulicheka sana. Safari mbovu yenye mwenzi mzuri ina raha yake, na mpaka hapo sikuwa na malalamiko yoyote.

Tuliingia Bunda jua linazama. Gari za Mwanza zenye nafasi zilikuwa zimekwisha, isipokuwa basi moja lililokuwa linajaza abiria wake wa mwisho. Tukaafikiana tulale, tuondoke Jumapili alfajiri. Mimi nikaenda kutafuta chumba, yeye akabaki stendi kuulizia gari la kesho. Niliporudi baada ya nusu saa hivi, nikamkuta amesimama peke yake, na mfuko wetu wa kitambaa umesinyaa mkononi mwake.

Alinieleza yote bila kuficha. Alikuja mama mmoja amembeba mtoto aliyeungua kwa uji wa moto. Mtoto alikuwa anapelekwa hospitali kubwa ya Mwanza, na huyo mama alikuwa ameibiwa fedha zake zote pale pale stendi. Basi lilikuwa linaondoka. Rafiki yangu alimpa shilingi 15,000: za nauli, za kuanzia matibabu, na za kula. Katika mfuko zilibaki 1,800, ambazo zilitosha chumba na chai tu.

Nilimwuliza, "Mbona hukuningoja?"

Akanijibu, "Mura, mtoto hawezi kungoja kikao."

Sina jibu la kumshinda katika maneno hayo. Hata leo sina. Lakini usiku ule, tukiwa tumelala kitanda kimoja kama watoto, alisema neno la pili. Alisema, "Si una ile bahasha? Tuitumie kwa nauli kesho, tuwahi ngoma. Shemeji utamrudishia." Nikamwambia kwamba hiyo bahasha si yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ni mtu wa mahesabu." Neno hilo liliniuma kuliko kukosa ngoma.

Bulabo hatukuiona. Jumapili tulipata lori la magunia ya mtama lililokuwa linakwenda Musoma, na dereva alikubali tumlipe kwa mabega yetu badala ya fedha. Tulishusha magunia sokoni mpaka usiku. Nikamrudishia mke wangu bahasha yake ikiwa kamili, lakini bila kipuri, naye kwa majuma mawili akashona kwa cherehani ya jirani, usiku, baada ya mwenyewe kumaliza kazi zake.

Hapa ndipo swali linapoanza. Je, rafiki yangu alitenda vema au vibaya?

Ziko hoja za kumtetea, tena nzito. Ya kwanza ni haja ya mtoto. Mtu akiuweka uwanja wa ngoma upande mmoja wa mizani na ngozi ya mtoto iliyoungua upande wa pili, mizani hiyo haihitaji kusomwa na mtaalamu. Ya pili ni muda. Basi lilikuwa linaondoka, nami sikuwapo, na mwaka ule hapakuwa na simu mfukoni mwa mtu. Ya tatu ni kwamba alinijua. Alijua kwamba kama ningekuwepo ningekubali, na ni kweli ningekubali, ingawa pengine ningetoa 10,000 badala ya 15,000. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, katika kueleza urafiki aliukubali msemo wa kale wa watu wake kwamba vitu vya marafiki ni vya shirika. Kama ni hivyo, rafiki yangu alitoa kilicho chetu, kwa niaba yetu, kwa sababu ambayo sote wawili tunaiheshimu.

Lakini ziko hoja za upande wa pili. Aristotle huyo huyo, alipoeleza ukarimu, aliuweka katikati ya ubahili na ubadhirifu, na akataka mkarimu atazame anampa nani, kiasi gani na wakati gani. Kwa mtu mwenye mfuko wake peke yake, hayo matatu yanatosha. Kwa mwenye mfuko wa shirika liko la nne: anatoa cha nani. Tena kuna jambo la shukrani. Yule mama, kama Mungu alimfikisha salama, bila shaka alimwombea heri mwanamume mmoja aliyemkuta stendi ya Bunda. Gharama ilikuwa ya wawili, baraka ikaenda kwa mmoja. Sisemi hivi kwa wivu. Nasema kwa sababu hapa ndipo hatari ilipo. Umati huuona mkono unaotoa, hauuoni mfuko. Mtu anayependa kusifiwa kwa ukarimu atagundua upesi kwamba ukarimu ulio rahisi kuliko wote ni ule unaolipiwa na mwenzako. Ni kama pale Bujora: anayewavuta watu ndiye mshindi, na hakuna anayeuliza ngoma iliwambwa kwa ngozi ya ng'ombe wa nani.

Rafiki yangu hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Lakini kanuni hatuitungi kwa ajili ya watu wema tu.

Liko pia lile jambo la kukisia ridhaa: "Ningemwuliza, angekubali." Maneno haya yana ukweli, na yana mtego. Nilimweleza mke wangu jinsi nilivyokataa kuigusa bahasha yake. Nilidhani atanisifu, au atanilaumu kwa kuwa mgumu. Hakufanya hata moja. Alisema, "Ungeitumia ningekusamehe. Lakini kuombwa ruhusa baada ya jambo kwisha si kuombwa, ni kuarifiwa." Kisha akarudi kwenye kitambaa chake. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya haki na uhuru wa mtu, na sikumbuki kilicholieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko hayo. Kumwuliza mtu si njia tu ya kupata jibu. Hata kama jibu unalijua, kuuliza ni kumtambua kuwa na yeye ni mwenye mali, mwenye akili, na mwenye moyo wake wa kutoa. Ukimtolea bila kumwuliza umemnyima nafasi ya kuwa mkarimu, hata kama umemfanya achangie.

Ninapofikiri juu ya safari ile, hunijia tamthilia moja ya Shakespeare, ambayo mtu wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Watu wengi wakiitaja humkumbuka Shylock na ratili yake ya nyama. Lakini ndani yake mna kisa cha marafiki wawili na safari. Bassanio anataka kusafiri kwenda kumposa Portia, hana fedha. Rafiki yake Antonio hana taslimu, anakubali akope dukati 3,000 kwa dhamana ya mwili wake mwenyewe. Huo ni ukarimu wa mtu anayetoa kilicho chake: nyama yake, damu yake. Hakuna awezaye kumwuliza ameitoa ya nani.

Sasa mtazame Bassanio. Pale mahakamani, kwa uchungu wa kumwona rafiki yake karibu na kisu, anasema yuko tayari kuutoa uhai wake, na mkewe, na dunia nzima, ili Antonio aokoke. Uhai ni wake, autoe. Lakini mke? Naye Portia yupo pale pale, amejigeuza wakili, anasikia jinsi anavyotolewa sadaka bila kuulizwa. Baadaye wakili huyo anaomba pete, ile ambayo Bassanio aliapa kwa mkewe kwamba haitatoka kidoleni mwake. Anakataa kwanza. Rafiki yake anamsihi, naye anaitoa. Sababu ilikuwa njema: kumshukuru aliyeokoa maisha. Mpokeaji alistahili. Hata hivyo pete ile haikuwa yake peke yake, ilikuwa imefungwa na ahadi. Mwandishi ameyageuza mambo hayo kuwa kichekesho, na watazamaji hucheka. Mimi naona kwamba chini ya kicheko kuna swali lile lile la stendi ya Bunda.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Nimeigeuza kwa miaka mingi, na nimefika hapa.

Mfuko ule wa kitambaa na bahasha ile havikuwa vitu vya namna moja, ijapokuwa vyote viwili vilikuwa na fedha. Mfuko niliumkabidhi rafiki yangu kwa hiari yangu. Nilipomkabidhi, sikutafuta kufuli. Kama ningetaka kufuli ningenunua dukani. Nilimkabidhi mtu, mwenye macho na moyo, na mtu unapomkabidhi mfuko umemkabidhi pia sehemu ya uamuzi wako, hasa kwa yale yasiyoweza kungoja. Mtoto yule hakuweza kungoja. Kwa hiyo katika kutoa hakunikosea. Alifanya kazi ambayo niliiweka mikononi mwake, hata kama hatukuitaja tulipokuwa tunahesabu noti. Anayetaka mwenzi wa safari asiyeweza kuguswa na kilio cha mtoto, na asafiri na sanduku.

Lakini bahasha ilikuwa amana. Ilikuwa na mwenyewe, tena ilikuwa na kazi yake iliyotajwa. Mwenyewe hakunikabidhi uamuzi, alinikabidhi kazi. Na haja iliyokuwa mbele yetu usiku ule haikuwa tena ya mtoto. Ilikuwa ya kuwahi ngoma. Katika neno lile la pili ndimo rafiki yangu alimopotea njia, naye alipotea kwa namna ambayo ni rahisi sana kwa watu wema. Aliyekwisha kutoa kwa moyo mweupe huona kwamba moyo huo umemfungulia milango yote. Jema la jioni likataka kulipiwa na amana ya asubuhi.

Nadhani hata viongozi wengi hupotea hivyo hivyo, wala si kwa wizi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Yalilenga tamaa, nayo tamaa ni adui anayeonekana. Lakini hakuna azimio linaloweza kuandikwa juu ya mtu ambaye hachukui kitu kwa ajili yake, ila hugawa cha wengine kwa mkono mkunjufu, akafika harambee na kutaja kiasi kikubwa huku watu wakipiga vigelegele. Huyo humwoni mwizi. Humwona baba. Ndiyo maana wazee wakatuachia methali ya pili ya kuisimamia ile ya kwanza: Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari si dalili ya moyo mgumu. Daftari ni njia ya kuwauliza wenzako wakati huwezi kuwauliza kwa mdomo.

Kwa hiyo anayetoa kutoka mfuko wa shirika kwa dharura ana deni, lakini deni lenyewe si fedha. Ni maelezo. Anapaswa kueleza yote, mapema, bila kungoja kuulizwa, na kusema "tumetoa" badala ya "nimetoa". Rafiki yangu alilipa deni hilo pale pale stendi, kabla sijauliza. Na mwenzake naye ana wajibu wake: akiridhika na maelezo, aikubali sehemu yake ya tendo, asilifanye kuwa la kumsimanga nalo mbele za watu kila safari inapotajwa.

Juma lililofuata alikuja nyumbani kwangu na shilingi 9,000, alizokadiria kuwa ndizo sehemu yangu katika zile alizompa yule mama. Sikuzipokea. Kuzipokea kungekuwa kumwuzia sehemu yangu ya nauli ya yule mtoto, nami sikuwa nauza. Alikasirika kidogo. Alisema kwamba ninamfanya awe mdaiwa wangu. Nikamweleza haya niliyoyaandika hapa, kwa maneno machache zaidi na kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mke wangu akatoka na kutuuliza kama tunagombana. Tukamwambia hatugombani. Akatazama zile noti mezani, akasema kwamba kama hazina mwenyewe yeye ana kipuri cha kuagiza.

Rafiki yangu alicheka, akamsogezea, kisha mkono wake ukasimama katikati ya meza. Akanigeukia.

"Mura," akaniuliza, "unaonaje?"

Simu siku hizi ziko mfukoni mwa kila mtu, na fedha hutumwa kutoka Bunda hadi Mwanza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Udhuru wa kwamba mwenzangu hakuwapo umepungua sana. Lakini naona kwamba swali lile fupi halijawa rahisi zaidi kuulizwa. Mtu anaweza kuwa na namba ya mwenzake, akawa na salio la kutosha, akawa na dakika kumi nzima, na bado asiulize, kwa sababu anaogopa jibu au kwa sababu ameshajiona kuwa ndiye mwenye moyo peke yake katika shirika lile. Kutoa ni moyo, kweli. Basi katika mfuko wa wengi, tuipe kila mioyo nafasi yake ya kutoa.